Paa linapovuja Rhamu: Tone huanguka mbali na tundu lake

Mvua za kwanza za Aprili mjini Rhamu huja ghafla. Baada ya miezi ya jua na vumbi, mawingu hujikusanya ng'ambo ya Mto Daua, upepo mkali hutangulia, kisha maji humwagika kwa muda mfupi na kwa nguvu nyingi. Ni katika muda huo mfupi ambapo mwenye nyumba ya zamani hugundua kwamba paa ambalo halikumpa taabu Novemba iliyotangulia sasa linadondosha maji juu ya kitanda, juu ya magunia ya unga au juu ya waya za umeme. Mvua ikikatika, jua hurejea, sakafu hukauka kabla ya jioni, na suala la paa husahaulika hadi mvua nyingine.

Huko kusahau ndiko kunakogharimu. Rhamu, mji ambao maandishi ya enzi za ukoloni huutaja kwa jina la Ramu, uko katika Kaunti ya Mandera, takriban kilomita 75 magharibi mwa mji wa Mandera, kando ya Daua, mto unaotenganisha Kenya na Ethiopia kabla ya kukutana na Genale karibu na Doolow na kuunda Mto Juba. Mandera hupata wastani wa milimita 250 hivi za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha katika misimu miwili: ule wa Aprili na Mei, ambao Wasomali huuita gu, na ule wa Oktoba hadi Desemba mapema, uitwao deyr. Kwa hesabu hiyo, paa la Rhamu hukaa kavu kwa siku nyingi mno kuliko paa la Kisumu au Kericho. Wengi hudhani kwamba ukavu huo hulihifadhi. Kwa upande wa kutu, dhana hiyo ni ya kweli. Kwa upande wa misumari na viungo, ni kinyume kabisa, na hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia.

Kinachopotea ni zaidi ya usingizi wa usiku mmoja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina paa linalofunika eneo la mita mraba 48. Kila milimita moja ya mvua inayolinyeshea ni lita 48 za maji. Mvua moja kubwa ya milimita 40 huleta lita 1,920, yaani mitungi 96 ya lita 20. Katika mji ambako familia nyingi hununua maji kwa mtungi, yakiletwa kwa mkokoteni wa punda wakati wa kiangazi, maji hayo ni mali. Paa likivuja, sehemu ya mali hiyo hupita ndani ya nyumba badala ya kwenda kwenye tangi. Aidha, yale yanayopita ndani mara nyingi huishia kichwani mwa ukuta. Ukuta wa udongo hustahimili jua kwa miaka mingi lakini hauvumilii maji yanayouingia kwa juu: hulainika ndani huku uso wake ukiwa bado mgumu, na mwenye nyumba huona hatari siku ambayo ukuta umekwisha kupinda.

Methali ya ufa na ukuta inajulikana na kila mtu. Tatizo la paa ni kwamba ufa wenyewe hauonekani, na ule unaoonekana huwa si wenyewe.

Jua ndilo linalong'oa misumari

Ili kuelewa kwa nini paa la Mandera huvuja, ni vyema kuanza na joto. Chuma hutanuka kinapopata moto. Bati la urefu wa mita 3, likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri, jambo la kawaida kwa bati lililolala chini ya jua la mchana katika eneo hilo, hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu. Usiku hurudi lilivyokuwa. Mlio wa kudata unaosikika kutoka juu jioni, ambao watoto huufananisha na nyayo za ndege, ni bati linalojikunja kurejea mahali pake. Milimita moja na nusu ni kidogo, lakini harakati hiyo hurudiwa kila siku. Katika miaka 30 ni zaidi ya mara 10,000, na kila mara bati huuvuta msumari, kisha huuachia.

Msumari hauwezi kustahimili mvutano huo milele. Polepole huanza kupanda kutoka kwenye mbao. Tundu lililokuwa duara hugeuka kuwa na umbo la yai. Kipande cha mpira kilicho chini ya kofia ya msumari, ambacho kazi yake ni kuziba tundu hilo, hukaushwa na jua hadi kikawa kigumu kama ganda, kikapasuka na kupeperuka. Mbao nazo hukauka na kusinyaa, hivyo hazina tena nguvu ya kuubana msumari. Mahali ambapo mchwa wamekwisha kupita, pau huonekana nzima kwa nje ilhali ndani ni unga mtupu, na msumari uliopigwa humo hushikwa na rangi tu.

Hali hii ni tofauti na ile ya pwani. Mombasa, Lamu au Tanga, hewa ya chumvi hula zinki iliyopakwa juu ya chuma, na bati hutoboka kwa kutu wakati misumari yake ingali imara. Huko, fundi anayeshauri bati libadilishwe huenda akawa anasema kweli. Rhamu, bati la zamani lenye unene wa kutosha mara nyingi huwa zima kabisa, limefifia rangi tu, ilhali lililochoka ni kile kinacholishika. Mwenye nyumba anayeuziwa mabati mapya kwa ajili ya paa kama hilo hulipia gharama ya safari ndefu ya lori kupitia Garissa au Isiolo, Wajir na El Wak, kisha mabati hayo hupigiliwa kwenye pau zilezile zilizokauka na kwa mpangilio uleule wenye kasoro. Msimu wa pili nyumba huanza kuvuja tena, na lawama hupewa kiwanda.

Kuna bati moja ambalo halistahili kuhurumiwa. Katika mapigano ya kikoo yaliyoikumba Mandera mwaka 2013 na 2014, nyumba ziliteketezwa katika maeneo kadhaa, Rhamu yakiwemo. Baada ya moto, mabati ndiyo husalia, na katika sehemu yoyote ya nchi ambako nyumba imeungua, mabati hayo huokotwa, hunyoshwa na kuezekwa upya. Ni jambo linaloeleweka kwa mtu aliyepoteza kila kitu. Hata hivyo, zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na moto wa nyumba hupita kiwango hicho kwa urahisi. Bati lililoungua hubaki chuma kitupu, hata likinyoshwa vizuri namna gani. Hutambulika kwa mabaka meusi au mekundu na kwa namna linavyokunjika kirahisi mkononi. Hata katika ukavu wa Mandera bati hilo hushika kutu mapema, na kulitia viraka ni kupoteza misumari. Linafaa zaidi kwa ua au banda la mbuzi.

Kulifuata tone hadi lilikotoka

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kumwita fundi, kumwonyesha doa kwenye dari na kumwambia azibe juu yake. Maji yanayopenya kwenye bati hayaanguki moja kwa moja. Hushikamana na upande wa chini wa bati na kuteremka nalo hadi yanapokutana na upau, yaani mbao ndogo inayopita kwa upana wa paa na ambayo bati limepigiliwa. Hapo hugeuka na kuufuata upau hadi kwenye kombamoyo, ule mti mrefu unaoteremka kutoka mgongoni mwa paa hadi ukutani, kisha huteremka tena. Hudondoka pale yanapopata kizuizi: kwenye kiungo cha mbao, kwenye ncha ya msumari, au kwenye fundo la mti. Chini yake, ikiwa kuna dari, maji hutafuta upya sehemu iliyobonyea kabla ya kutoboza. Kati ya tundu na doa huweza kuwa na mita 2, 3 au hata zaidi.

Jambo moja huwa la uhakika: maji hayapandi mlima. Tundu liko juu ya doa, kuelekea mgongo wa paa, au liko usawa wake pembeni. Kwa hiyo fundi makini huanza kwa kupanda ndani ya dari, au kusimama chini ya bati tupu ikiwa nyumba haina dari, akiwa na tochi na kipande cha chaki. Huitazama mbao iliyo juu ya doa na kuufuata mkondo wa vumbi lililooshwa. Katika eneo lenye vumbi jingi kama Mandera, maji huacha barabara yake: mstari safi au wa kahawia kwenye mbao iliyofunikwa na vumbi. Mstari huo ni shahidi asiyedanganya, na hii ni faida moja ya kuishi mahali pakavu, kwani kule kwenye mvua nyingi alama za zamani na mpya huchanganyika.

Hatua inayofuata hufanywa mchana wa jua kali. Milango na madirisha hufungwa, na mtafutaji huketi gizani kwa dakika chache hadi macho yazoee. Kila tundu huonekana kama nyota. Yote hutiwa alama, na waya mwembamba au kijiti hupitishwa katika kila moja ili lionekane kwa nje. Pale kijiti kisipopita, umbali hupimwa kutoka kuta mbili, kisha vipimo hivyo hurudiwa juu ya paa. Hata hivyo, nuru si kipimo kamili. Tundu lililo juu ya mgongo wa wimbi la bati huweza kupitisha nuru nyingi na lisipitishe maji, kwa sababu maji hukimbilia bondeni. Kinyume chake, mahali ambapo bati moja limelalia jingine hapapitishi nuru hata kidogo, ilhali maji hupenya hapo kwa wingi.

Viungo hivyo ndivyo vinavyowashinda wengi. Bati la juu hupaswa kulilalia la chini kwa milimita 150 angalau, na zaidi ya 200 paa likiwa na mteremko mdogo. Pembeni, bati hulilalia mwenzake kwa wimbi moja na nusu. Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa na watu waliotaka mabati machache yatoshe, hivyo mlalio ni mfupi. Paa likiwa halina mteremko wa kutosha, maji hujivuta yenyewe kati ya bati na bati, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, na kutokea upande wa pili. Upepo ukivuma kuelekea kwenye mlalio huo, huyasukuma maji juu na kuyaingiza.

Hapa ndipo kitendawili cha nyumba inayovuja msimu mmoja na kutulia msimu mwingine hupata jibu. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo hutoka upande wa kusini. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Mvua ya gu na ile ya deyr haziupigi upande mmoja wa paa. Mwenye nyumba anayeweza kusema paa lilivuja mwezi gani, na mvua ilitokea upande gani, humpunguzia fundi nusu ya kazi.

Ikiwa alama zote hazikutoa jibu, hubaki jaribio la maji. Katika miji yenye maji ya bomba hutumika mpira wa kunyunyizia. Rhamu, mtungi mmoja au miwili na kopo lenye matundu hutosha, mradi maji yatumike kwa mpango. Mtu mmoja hukaa ndani na mwingine juu. Anayemwaga huanza chini, karibu na ukingo wa paa, akilowesha sehemu ndogo ya upana wa bati moja polepole kwa dakika kadhaa, na kusubiri. Kusipotokea kitu, husogea juu hatua moja. Anayeanza kumwaga kutoka mgongoni mwa paa huharibu jaribio zima, kwa kuwa maji huteremka na kupita juu ya matundu yote kwa pamoja, na tone likitokea hatajua ni la tundu lipi. Beseni likitegwa chini ya ukingo, maji mengi ya jaribio hurudi mtunguni.

Mahali palipoongezwa chumba

Nyumba za zamani hazikujengwa mara moja. Duka la chumba kimoja huongezwa ghala, kisha chumba cha kulala, kisha baraza. Kila nyongeza huacha mstari ambapo paa jipya hukutana na la zamani, au ambapo paa hukutana na ukuta ulioinuka. Ukitaka kuweka dau kuhusu mahali nyumba ya namna hiyo inapovujia, weka dau kwenye mstari huo.

Pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, maji ya pande zote mbili hukusanyika katika njia moja. Bonde hupaswa kuwa na bati pana lililokunjwa, lililopita chini ya mabati ya pande zote. Mara nyingi huwa ni kipande chembamba, na katikati yake majani ya mathenge, mchanga na mifuko ya plastiki hufanya bwawa dogo. Maji huinuka nyuma ya bwawa hilo na kupita juu ya ukingo wa bati hadi ndani. Katika hali kama hiyo hakuna tundu la kuziba. Tiba ni fagio, na mabadiliko ya bonde lenyewe ikiwa ni finyu mno.

Pale paa linapokutana na ukuta, desturi ni kupaka saruji kwenye pembe. Saruji hupendeza kwa miezi michache. Haiwezi kudumu, kwa kuwa ukuta umesimama tuli ilhali bati hutembea kila siku. Ufa mwembamba kama uzi hutokea kati yake, na maji ya ukuta mzima huingia humo. Isitoshe, saruji mbichi huishambulia zinki ya bati. Njia iliyo sahihi ni kukata mfereji mdogo ukutani, wenye kina cha milimita 25 hivi, kuingiza humo ukingo wa bati lililokunjwa, na kuuacha upande wake wa chini ulilalie paa bila kupigiliwa ukutani na paani kwa pamoja. Saruji hutumika kuziba mfereji wa ukutani tu. Kwa mpango huo bati lina nafasi ya kutembea, na maji hayana nafasi ya kuingia.

Tatizo la ongezeko limepata sura mpya katika miaka ya karibuni. Paneli za sola na madishi ya televisheni hufungwa kwa boliti zinazotoboa bati, mara nyingi bondeni mwa wimbi ambako maji hupita. Fundi wa dishi hulipwa picha ikionekana, naye huondoka kabla ya mvua.

Kurekebisha bila kuharibu zaidi

Msumari uliopanda haufai kupigwa nyundo ukarudi palepale. Utashika kwa siku chache, kwa kuwa tundu la mbao limekwisha kupanuka, na pigo lenyewe hubonyeza bati na kufanya kidimbwi kuzunguka kofia. Hung'olewa, na mahali pake hutiwa skrubu ya paa iliyo nene na ndefu zaidi, yenye mpira mpya. Hukazwa hadi mpira ugusane vyema na bati, usibanwe hadi ukatoka pembeni. Ikiwa mbao imekufa, kipande kipya hufungwa ubavuni mwa upau wa zamani ili skrubu ipate mahali pa kushika. Skrubu au msumari hupita kwenye mgongo wa wimbi. Kila uliopigwa bondeni ni tundu linalosubiri mvua, hata likiwa bado halijavuja.

Tundu dogo la kutu au la msumari ulioachwa huzibwa kwa kiraka cha bati. Mahali hapo husuguliwa kwa brashi ya waya, hufutwa vumbi lote, kisha kiraka hubandikwa kwa gundi ya silikoni inayobaki laini. Vumbi ndilo adui mkubwa wa kazi hii huko kaskazini mashariki: gundi iliyopakwa juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki bati. Kazi hii ni ya alfajiri au jioni, bati likiwa baridi. Tundu kubwa huhitaji kiraka kirefu kinachoingizwa chini ya mlalio wa bati la juu, ili maji yanayoteremka yapite juu ya kiraka. Kiraka kilichowekwa juu ya kila kitu, ukingo wake wa juu ukielekea yanakotoka maji, ni kijiko cha kuyachota.

Gunia lililoloweshwa lami ni dawa ya zamani na huzuia maji kwa muda. Lakini lami hulainika chini ya jua na kupasuka inapozeeka, na inafunika kasoro kiasi kwamba fundi wa baadaye hawezi kujua kilicho chini. Kubwa zaidi, paa linalovunwa maji ya kunywa halifai kupakwa lami, na vivyo hivyo halifai kuwa na risasi, iwe kwenye kofia za misumari ya kale au kwenye vipande vya kuzibia viungo. Risasi ni sumu, na huathiri watoto zaidi.

Baadhi ya majengo ya zamani, hasa ya umma, yaliezekwa kwa vigae vipana vya asbestosi. Hayo ni ya kuachwa na fundi wa kawaida. Kigae cha asbestosi hakibebi uzito wa mtu, na aliyekikanyaga huweza kuanguka hadi sakafuni. Kukitoboa au kukikata hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo, zikivutwa pumzini, husababisha maradhi ya mapafu pamoja na saratani baada ya miaka mingi. Nchini Kenya asbestosi ni taka hatari, na uondoaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Hata kwenye mabati, anayepanda hukanyaga kwenye mistari ya misumari tu, ambako kuna upau chini yake. Anayekanyaga katikati huvunja mawimbi na kufungua milalio, na paa lililokuwa na tundu moja hushuka likiwa na matatu. Nyumba kadhaa zimevujishwa na ukaguzi.

Baada ya paa, mlizamu. Mlizamu uliojaa mchanga hufurika kuelekea ukutani, na doa linalotokea huonekana kama la paa lenyewe. Husafishwa kabla ya mvua, na maji ya mwanzo ya msimu, ambayo huosha vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi kadhaa, hayaingizwi tangini. Kwa paa la mita mraba 48, lita 25 hadi 50 za kwanza hutosha kumwagwa, au kutengwa kwa ajili ya kufulia na kunyweshea miti.

Wakati mwafaka wa kazi yote hii ni Machi na Septemba, wiki chache kabla ya gu na deyr, fundi wakiwa hawajaitwa na kila mtu kwa siku moja. Mvua ya kwanza inaponyesha, mwenye nyumba hupanda tena ndani ya dari na tochi. Alama za chaki kwenye pau zisifutwe. Pembeni mwa kila moja huandikwa mwezi na mwaka, na upande ambao upepo ulitokea siku hiyo, ili atakayepanda humo msimu ujao, hata akiwa fundi mwingine, ajue ni tundu lipi limekwisha kuzibwa na lipi ni jipya.